"Ulipata ngapi?" si swali la maabara

Vyuo vikifunguliwa, stesheni ya Tabora hujaa mabegi, magodoro na wazazi wanaosisitiza mambo yale yale: simu, pesa ya matumizi, marafiki. Wachache humuuliza kijana anayekwenda kusoma ualimu wa sayansi au uhandisi atakwenda kufanya nini maabara. Akirudi likizo, huulizwa tu alipata ngapi.

Kwa wengi waliotoka shule za kata, chuo ndipo mahali pa kwanza kushika bureti bila kusukumana. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza sekondari hizo ziwe na maabara za fizikia, kemia na baiolojia, na wazazi wakachangishwa. Kuta zilipanda. Vifaa, na mwalimu wa kuvitumia, ni habari nyingine.

Hata hivyo kushika kifaa peke yake hakumfanyi mtu aipende sayansi. Katika Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, watafiti walitunga dodoso liitwalo E-CLASS, linalojazwa na wanafunzi kabla na baada ya kozi ya maabara ya fizikia. Ilionekana kwamba kozi zilizolenga kuthibitisha tu yaliyofundishwa darasani mara nyingi ziliwaacha vijana na mtazamo ulio mbali zaidi na ule wa wanasayansi kuliko walioingia nao. Zilizolenga kufundisha namna ya kupanga jaribio, kupima na kuvitilia shaka vipimo zilifanya vizuri zaidi. Mwaka 2018 Natasha Holmes na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel, waliandika kwamba katika kozi walizochunguza, maabara za kuthibitisha hazikuwaongezea wanafunzi hata alama za mtihani.

Sababu yake yeyote aliyepita maabara anaijua. Jibu linafahamika kabla ya kuanza: mvutano wa dunia ni 9.8. Timazi likibembea na kutoa 9.1, kijana hukaa pembeni "akapika" vipimo mpaka vikubali. Anapewa alama nzuri, na moyoni anaondoka akiamini kwamba kitabu hakikosei, macho yake ndiyo yanayokosea.

Tanzania ina kisa chake. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, Tanga, aliwahi nafasi kwenye friji kwa kuingiza maziwa ya aiskrimu yakiwa bado moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilo Profesa Denis Osborne aliyekuja kutoka Dar es Salaam, na wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka, alirudi akamwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta taarifa kwamba kweli maji ya moto yaliganda kwanza, ila akaahidi kurudia mpaka apate jibu sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu jambo hilo, na huko kubishana ndiko kazi yenyewe.

Mkwawa ile ile tangu 2005 ni chuo kikuu kishiriki cha elimu. Wanaosomea pale ualimu wa sayansi ndio watakaosimama kesho mbele ya watoto wetu, wakicheka au wakisema "hebu tujaribu".

Mzazi asiyejua fizikia naye ana pa kuanzia. Amuulize kijana ni jaribio gani lilimkatalia, kisha asikilize. Au, kwa kuwa hii ni Tabora, ampe chupa ya asali. Sokoni wapo wanaoapa kwamba asali ikiganda imetiwa sukari. Igawanywe katika vyombo viwili, kimoja kikae penye ubaridi, kingine karibu na jiko, na kijana aandike kila wiki anachokiona, hata kama kinapingana na alichotangulia kumwambia mama yake.