Kuutambua Mzinga wa Kale kwa Kipimo

Tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia kwa mzinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa nchi kavu ikitengenezwa huko Sphinxhaven, ndiyo Liuli ya leo, katika Ziwa Nyasa. Vita hivyo viliacha mizinga mingi Afrika Mashariki. Je, mtazamaji ataitofautishaje?

Magurudumu si ushahidi wa kutosha. Katika Ngome ya Yesu, Mombasa, imehifadhiwa mizinga ya manowari mbili zilizokuwa maadui: Pegasus ya Waingereza, iliyozamishwa Zanzibar Septemba 1914, na Königsberg ya Wajerumani, iliyoangamia katika Rufiji Julai 1915. Mizinga ya meli zote mbili iliopolewa, ikatiwa magurudumu, ikapigana nchi kavu.

Hapana budi kupima kipenyo cha tundu la mtutu, kutoka tuta hadi tuta la mifereji ya ndani. Mzinga wa Pegasus una inchi 4, yaani milimita 101.6, wa Königsberg una milimita 105. Tofauti hiyo haionekani kwa macho, lakini rula huidhihirisha. Mwanafunzi aombe kwanza ruhusa ya mhifadhi, kisha apime mara tatu kabla ya kuamini kibao.