Kujenga Mwili Bila Maziwa wala Nyama

Jioni moja, masomo yalipokwisha, mama mmoja wa mtaa wetu hapa Bukavu alinijia nyumbani, uso wake ukionyesha mtu aliyelemewa. Akasema: «Bwana Mwalimu, umwonye kijana wangu. Tangu aanze kunyanyua vyuma hatuna amani. Kila yai liingialo nyumbani ataka liwe lake. Sehemu ya fedha ya shule imekwenda kununua mkebe wa unga wa kutia misuli, na unga wenyewe wamwendesha tumbo.»

Kijana huyo namfahamu vema. Ana miaka 18, mrefu, mwembamba kama mwanzi, tena mwenye bidii. Vyuma vyake ni makopo mawili yaliyojazwa simenti na kuunganishwa kwa bomba, kama wafanyavyo vijana wengi katika nyua zetu. Naye nilipomwita alikuwa na malalamiko yake. «Mwalimu, nitapataje mwili? Maziwa hunivuruga tumbo tangu nilipokuwa mdogo. Nyama ya kondoo ni mwiko katika ukoo wetu. Nyama ya ng'ombe twaiona siku ya sikukuu. Wenzangu wasema ya kwamba pasipo maziwa na nyama, misuli haioti.»

Kesho yake nilikwenda kwao. Nikakuta jambo ambalo kijana hakuwa amelitazama. Mdogo wake wa miaka mitatu alikuwa amekaa pembeni ya ukuta, hachezi, halii. Miguu yake imevimba, nywele zimekuwa nyepesi na nyekundu. Wazazi wa Kivu waijua dalili hiyo: ni bwaki, ambayo waganga huiita kwashiorkor. Nikamsihi mama ampeleke mtoto kituo cha afya siku ileile, akaenda.

Basi, wasomaji wapenzi, katika nyumba moja mkubwa alitafuta misuli, na mdogo alikosa hata chakula cha kumkuza. Tangu siku ile naona ya kwamba maswali hayo mawili yana jibu moja, nalo liko chunguni, haliko katika mkebe wa dukani.

Sababu nne za kuacha chakula

Kwanza tupambanue mambo, maana watu huyachanganya. Mtu huweza kuacha chakula fulani kwa sababu nne, na kila sababu ina dawa yake.

Ya kwanza ni tumbo lisiloweza kusaga sukari ya maziwa. Hilo si ugonjwa wa ajabu. Yapata theluthi mbili ya watu wa dunia hupungukiwa uwezo huo baada ya utoto. Maziwa mabichi huwaletea gesi, maumivu na kuharisha. Mikebe mingi ya unga wa misuli imetengenezwa kwa maziwa. Ndiyo maana kijana wetu aliharisha. Lakini watu wengi wa namna hiyo huweza kuvumilia mashanza kidogo, au kipande cha jibini ya Masisi, kwa kuwa katika kugandishwa na kuiva sukari ile hupungua sana.

Ya pili ni mwili unaokikataa chakula kabisa, kama vile karanga, mayai au samaki. Huyo akila hata kidogo huvimba midomo, huwashwa, pengine pumzi hukatika. Asijaribu mara ya pili ili aone. Aache kabisa na kumwona mganga. Jambo hili si la kufanyiwa mchezo.

Ya tatu ni mwiko wa ukoo au nadhiri ya mtu mwenyewe. Hapo hakuna hatari yoyote kwa mwili, mradi kilichoachwa kipate badala yake.

Ya nne, iliyo ya wengi wetu, ni mfuko mtupu. Nayo haiponi kwa kununua mikebe ya bei kubwa.

Je, misuli haioti pasipo nyama?

Shuleni tulifundishwa kugawa vyakula katika mafungu matatu: vya kutia nguvu, kama ugali, mihogo, viazi na mafuta, vya kujenga mwili, ambavyo wataalamu huviita protini, na vya kulinda mwili, kama mboga na matunda. Mtu anayenyanyua mizigo huchosha na kuumiza kidogo nyuzi za misuli yake. Akipumzika, mwili huzitengeneza upya, imara kuliko kwanza. Lakini hauwezi kutengeneza pasipo vifaa. Mwashi hajengi kwa maji matupu.

Lakini vifaa hivyo haviko katika nyama peke yake. Waroma wa kale waliwaita wapiganaji wao wa uwanjani hordearii, maana yake wala shayiri. Mwaka 2014 wataalamu wa Vienna walitangaza matokeo ya kuchunguza mifupa ya wapiganaji hao iliyofukuliwa Efeso. Waliona ya kwamba chakula chao kilikuwa hasa nafaka pamoja na jamii ya maharage. Naam, watu ambao maisha yao yalitegemea nguvu za mikono walikula karibu kama sisi.

Siri ni kuchanganya. Maharage yana upungufu wa sehemu fulani ya protini, na mahindi yana upungufu wa sehemu nyingine. Yakiliwa pamoja siku moja, kila kimoja hukamilisha mwenzake. Bibi zetu hawakusoma jambo hilo katika kitabu, lakini waliyapika pamoja.

Kiasi gani?

Mtu mzima asiyefanya mazoezi ahitaji kwa siku yapata gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake. Anayejenga misuli hufaidika hadi karibu gramu 1.6. Kuzidisha sana kuliko hapo ni kupoteza fedha, na mwenye ugonjwa wa figo asizidishe bila shauri la mganga. Kijana wetu alikuwa na kilo 60. Basi mwisho wa hesabu yake ni gramu 96 hivi.

Tulikaa na mama yake, kalamu mkononi, tukahesabu vyakula vya soko letu. Gramu 100 za unga wa muhogo hazina protini zaidi ya 1 au 2. Unga wa mahindi una yapata 8. Maharage makavu yana 21 hivi, karanga 25, soya 36. Yai moja lina 6. Sambaza waliokaushwa vizuri, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Samaki hao hawakuwamo zamani katika ziwa letu la Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959 hivi, na leo ni kitoweo cha maskini na tajiri.

Asubuhi: uji wa gramu 60 za unga wa mahindi na gramu 40 za unga wa soya, kisha kiganja kimoja cha karanga. Hapo twapata gramu 26. Mchana: ugali wa mahindi wa gramu 200 za unga, pamoja na maharage ya gramu 100 kabla ya kupikwa: gramu 37. Jioni: ugali wa muhogo, sombe iliyotiwa karanga za kusaga, na sambaza wakavu gramu 30: gramu 25 au zaidi. Jumla yakaribia 90, pasipo tone la maziwa wala kipande cha nyama. Siku yai likipatikana, ni nyongeza njema.

Asiyekula samaki wala mayai pia, ajue jambo moja: vitamini B12, inayohitajiwa na damu na mishipa ya fahamu, haipatikani katika mimea. Huyo aulize kituo cha afya namna ya kuipata.

Jiko nalo lina sheria zake

Soya isiliwe mbichi. Ichemshwe au ikaangwe kabla ya kusagwa, maana ikiwa mbichi huzuia tumbo lisisage protini. Maharage yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, kisha yachemke hata yaive kabisa. Karanga zenye ukungu zitupwe, hata kama macho yanahuzunika, kwa sababu zina sumu inayoharibu ini. Kamulia limao juu ya maharage na mboga, maana husaidia mwili kupokea chuma cha damu. Na chai uinywe baadaye, si pamoja na chakula.

Juu ya mihogo michungu nasema kwa mkazo. Yalowekwe siku tatu au zaidi hata ilainike, kisha ianikwe juani vizuri. Anayefupisha siku hizo hubakiza sumu ndani. Huko Kwango, tangu miaka ya 1930, imejulikana konzo, ugonjwa unaopooza miguu kwa ghafla na daima. Huwapata hasa wale wanaokula mihogo michungu isiyotayarishwa vema na kukosa protini, kwa kuwa mwili huhitaji protini ili kuizima sumu ile. Basi kijana alaye muhogo mtupu na kunyanyua chuma kila siku hajengi nyumba yake; aibomoa.

Polepole, kama ndama wa Milo

Wayunani walisimulia habari za Milo wa mji wa Croton, bingwa wa mieleka, ya kwamba alibeba ndama kila siku tangu azaliwe, na ndama alipokuwa fahali Milo aliweza bado kumbeba. Ni hadithi, lakini mafundisho yake ni ya kweli: mzigo uongezwe kidogo kidogo. Anayeanza yamtosha kufanya kazi hiyo siku mbili au tatu kwa juma, na kupumzika katikati. Juma za kwanza nguvu huongezeka kabla ya misuli kuonekana, kwa sababu mishipa ya fahamu yajifunza kazi yake. Asikate tamaa mbele ya kioo. Tena alale usiku wa kutosha.

Chungu kimoja

Mama yule hakupika vyungu viwili. Kituo cha afya kilimtunza mtoto kwanza kwa maziwa na vyakula vyake vya dawa, maana bwaki haitibiwi nyumbani kwa uji. Mtoto aliporudi, mama aliendelea kumpa uji uleule wa mahindi na soya aliomwandalia kaka yake, na maharage yaliyopondwa, na unga wa sambaza uliochanganywa na mboga. Mayai yalikuwa ya mdogo. Kijana mwenyewe ndiye aliyesema hivyo, wala sikumwambia mimi. Aliuza mkebe uliobaki nusu kwa rafiki ambaye maziwa hayamdhuru, akarudisha fedha kwa mama.

Miezi sita imepita. Kijana ameongeza kilo tatu, na mabega yake yameanza kujaza shati. Mdogo wake hukimbia uani na kujaribu kunyanyua makopo ya simenti, bila mafaniko bado.

Wazazi, msiwacheke vijana watakao nguvu. Tamaa hiyo ni njema. Waonyesheni njia ya chunguni. Nanyi vijana, kabla ya kuhesabu misuli yenu, tazameni sahani ya aliye mdogo kuliko wote nyumbani. Ikiwa yeye hajashiba, nguvu zenu zimejengwa kwa matofali ya nyumba ya mwingine.