Ulianguka na boda ukainuka? Kuna damu isiyoonekana

Umewahi kuanguka na boda, ukainuka, ukajipangusa vumbi na kusema uko poa? Goti limechubuka, kioo cha simu kimepasuka, basi. Watu kama wewe ndio huwatia wasiwasi madaktari wa kitengo cha dharura. Ini au bandama ikipasuka, damu inaweza kumwagika tumboni bila tone hata moja kutoka nje. Unapiga stori na mwenye boda, kumbe presha inashuka.

Daktari akiitisha ultrasaundi hapo, usimuulize kama anadhani una mimba. Wengi wetu tunaijua mashine hiyo kwa picha za watoto ambao hawajazaliwa, lakini kazi zake ni nyingi. Inarusha mawimbi ya sauti ambayo sikio haliwezi kusikia, kisha inachora picha kutokana na yale yanayorudi. Haitumii miale kama eksrei, na inaletwa hadi kitandani.

Kwa majeruhi, daktari hukagua sehemu nne: kati ya ini na figo upande wa kulia, karibu na bandama upande wa kushoto, chini karibu na kibofu, na kuzunguka moyo. Ni dakika chache tu. Kwenye skrini, damu iliyovuja huonekana kama utepe mweusi mahali ambapo hapafai kuwa na kitu. Utepe huo ukionekana na presha inazidi kushuka, daktari wa upasuaji anaitwa mara moja.

Siku hizi kuna kifaa cha kushika mkononi kinachochomekwa kwenye simu. Mwaka wa 2022, mamia ya wahudumu wa afya nchini, wengi wao wakunga, walipewa vifaa hivyo na kufunzwa. Lakini kuwa na simu kali hakukufanyi mpiga picha, ama?

Kama unasomea udaktari, au uko KMTC unasomea utabibu, omba kushika kifaa mapema. Mafunzo ya siku moja hukupa msingi, ila jicho huzoea kwa kupima watu wengi, mtaalamu akiwa kando anakusahihisha. Ukikaa miezi bila kukitumia, mkono unasahau. Ndiyo maana utafiti uliochapishwa mwaka wa 2018 kuhusu wahudumu wa mashambani nchini haukuishia siku ya mafunzo; walipimwa tena miezi kadhaa baadaye.

Maana kosa hapa ni ghali. Picha isipoonyesha damu, huenda ni kidogo mno au ndiyo kwanza imeanza kuvuja. Daktari mzoefu atarudia kupima, au akutume skani ya CT. Anayeanza anaweza kukwambia uende nyumbani.

Ukishafika nyumbani uhisi kizunguzungu, jasho baridi, maumivu ya tumbo, au bega la kushoto linauma na halikugongwa, rudi hospitali usiku huo huo. Waeleze ulianguka saa ngapi na uligonga wapi.