Boti ya Alumini: Uliza Kwanza Itakapolala

Mara kwa mara hunijia mtu mwenye akiba yake mkononi. Ameona boti ndogo ya alumini inauzwa, nyepesi, bei yake inavutia, na anataka kujua kama aichukue. Swali langu la kwanza huwa moja: italala wapi?

Pwani ya Dar es Salaam, wakati wa bamvua, maji hupanda na kushuka kiasi cha mita 3. Boti iliyokuwa inaelea asubuhi pale Kunduchi, mchana imelala ubavu juu ya mchanga na vipande vya matumbawe. Maji yakirudi, mawimbi huinyanyua na kuibwaga, kuinyanyua na kuibwaga, mpaka ielee. Boti nyingi huumia hapo kuliko baharini.

Ngalawa ya mwembe ikipata ufa, fundi yuko palepale ufukweni. Dau likivuja, hupigwa kalafati. Faiba ikikwanguka, mafundi wake siku hizi si haba. Hukwangua, hukausha na kuweka tabaka jipya. Alumini ina sifa yake: ikigonga jiwe mara nyingi hubonyea tu. Tena uzito wake ni kama theluthi ya chuma, hivyo vijana wanne wanaweza kuisukuma hadi juu ya alama ya maji makuu, isilale kwenye mawimbi. Kwa mvuvi asiye na gati, hiyo ni faida kubwa.

Lakini ikitoboka, nani ataiziba? Fundi wa mageti hawezi kuichomelea kwa mashine yake ya kawaida. Inahitaji gesi ya agoni na mkono uliozoea. Kabla hujalipa, mtafute fundi huyo na uone kazi yake.

Wengi huiogopa chumvi, na kila mpishi anajua sufuria iliyolala na mchuzi wa chumvi inavyoamka na madoa. Lakini alumini iliyotengenezwa kwa ajili ya bahari, kama ile ya namba 5083, huivumilia chumvi vizuri. Kinachoimaliza ni kugusana na metali nyingine ndani ya maji hayo ya chumvi. Niliwahi kukagua boti Mbweni ambayo mwenyewe alifunga vishikio vya shaba kwa skrubu za chuma. Kuzunguka kila skrubu kulikuwa na unga mweupe kama chokaa. Niliugusa kwa ncha ya kisu, kisu kikapita hadi upande wa pili. Kwa hiyo shaba isiguse bodi, rangi ya chini isiwe na shaba, vipande vya zinki vifungwe chini na vibadilishwe vikiliwa, na kila jioni boti ioshwe kwa maji baridi, hasa pembe ambazo mchanga hujificha.

Halafu kuna umbo. Boti nyingi ndogo za alumini zilibuniwa kwa maziwa na mito ya Marekani: chini bapa, bati jembamba, zimefungwa kwa ribiti. Kwenye mkono wa bahari wa Mtoni, kando ya mikoko ya Temeke, zinafaa. Nje ya kisiwa cha Mbudya wakati wa kusi, hapana. Mawimbi huzipiga tumboni mpaka ribiti zinalegea. Kwa bahari ya wazi chagua iliyochomelewa, yenye bati la chini la milimita 3 au 4, omo iliyoinuka na mkuku wa kukata maji.

Jambo moja sitalegeza: mtumbwi wa mti ukijaa maji bado huelea, na wavuvi huushikilia. Alumini huzama, isipokuwa ina vyumba vya hewa vilivyozibwa au povu chini ya viti. Boti isiyo navyo usiinunue, hata kwa nusu ya bei.

Hukumu yangu? Anayevua kila siku kutoka Kunduchi au Msasani na kuiacha boti ufukweni, achukue faiba ya mita 7 hivi. Matengenezo yako karibu. Alumini itamfaa mwenye mahali pa kuipandisha nchi kavu na fundi anayemjua kwa jina. Yeyote kati yao akumbuke usajili na leseni chini ya Sheria ya Uvuvi ya 2003, na kwamba Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi za bahari tangu 1975.

Na kabla ya kutoa fedha, mwombe muuzaji muishushe kwenye maji ya kina cha kiuno, muijaze maji hadi ukingoni, uone kama bado inaelea. Akikataa, rudi nyumbani na fedha zako.