Mlingoti wa Redio Milimani: Jinsi ya Kueleza Ulishaji na Upatanisho Wake

Mwalimu apangiwaye shule katika milima ya Usambara, iwe Soni, Bumbuli, Mlalo au Mtae, hatakawia kuulizwa na wanafunzi kwa nini redio husikika vizuri ukingoni mwa mlima, na bondeni hukoroma tu. Wengi hujibu kwamba milima inazuia mawimbi, kisha hugeukia ubao. Jibu hilo si la uongo, ila ni nusu ya jibu. Nusu ya pili imo katika antena yenyewe: urefu wake, jinsi inavyopelekewa nguvu na jinsi inavyokaa juu ya ardhi. Kwa kuieleza nusu hiyo tumechagua mlingoti wa redio ya ridhaa katika masafa ya chini, kwa sababu hapo mawimbi ni marefu kiasi cha kupimwa kwa kamba uwanjani.

Jambo lenyewe si la mchezo. Tangu Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza mwaka 1951, na hasa baada ya Redio Tanzania kuundwa mwaka 1965, redio imekuwa mwalimu wa vijiji vingi. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi kusikiliza na kujadiliana. Kikundi ambacho redio yake haikushika kilibaki na kitabu na kiongozi wake tu. Watumiaji wa redio ya ridhaa, ambao hapa nchini ishara zao za wito huanza na 5H na hupata leseni kwa Mamlaka ya Mawasiliano, hukabiliana na tatizo lile lile, tena kwa pande zote mbili, maana wao husikiliza na pia hurusha.

Tuanze na urefu. Wimbi la redio husafiri mita milioni 300 kwa sekunde. Ukigawa mwendo huo kwa idadi ya mitetemo ya kila sekunde, unapata urefu wa wimbi moja. Kwa megahezi 7 ni karibu mita 43. Kwa megahezi 3.5 ni karibu mita 86. Kwa megahezi 1.8 ni karibu mita 167. Mlingoti wa wima hufanya kazi kwa wepesi unapokuwa na robo ya urefu huo, yaani karibu mita 11, mita 21 na mita 42. Wanafunzi na wapime umbali huo kwa kamba kiwanjani, kisha watazame mkaratusi ulio karibu na kukadiria. Hapo wataona wenyewe kwamba mlingoti wa mita 15, ambao ni mrefu wa kutosha kwa megahezi 7, ni kibeti kwa megahezi 1.8.

Sasa upatanisho. Neno hili huwatisha walimu wanafunzi kuliko linavyostahili. Chukueni kamba nene ya katani, ambayo katika Mkoa wa Tanga haina shida kupatikana, mwifunge kwenye kamba nyembamba. Mwanafunzi mmoja ashike ncha moja, mwingine ncha ya pili, wazivute kidogo. Yule wa kamba nyembamba apige mtikiso mmoja. Mtikiso utakimbia hadi penye fundo. Hapo sehemu yake itapita na sehemu itarudi kwake. Kisha ingizeni kati yake kipande cha kamba ya unene wa wastani: kinachorudi hupungua. Ndivyo ilivyo kebo inapokutana na antena. Kebo iliyozoeleka imetengenezwa kwa omu 50. Ikikuta antena ya omu 12.5, asilimia 36 ya nguvu hurudishwa pale panapounganishwa. Kupatanisha ni kuweka kitu cha kati ili nguvu ipite bila kurudishwa.

Mlingoti wa chuma uliosimikwa moja kwa moja ardhini una taabu yake: hauwezi kulishwa chini kabisa, kwa kuwa shina lake limeshikana na udongo. Mafundi hutumia njia ambayo sisi tunaiona kuwa ya werevu mkubwa. Huteremsha waya sambamba na mlingoti, kwa umbali wa nusu mita hadi mita moja, ncha ya juu ikiunganishwa na chuma na ncha ya chini ikipokea kebo. Kadiri waya unavyounganishwa juu zaidi, ndivyo ukinzani unaoonekana na kebo unavyoongezeka, mpaka ukaribie omu 50. Waya huo huwa na tabia ya koili, nayo hufutwa kwa kapasita inayowekwa kati yake na kebo. Shina hubaki ardhini, jambo ambalo lina faida tutakayoitaja.

Hapa ndipo penye mtego, na tunawaomba wasomaji wapapitie polepole. Katika mlingoti wa wima mkondo wa umeme hurudi kupitia ardhini, na udongo wowote ule si shaba. Mlingoti wetu wa mita 15 kwa megahezi 1.8 una ukinzani wa kurusha wa omu 3.2 hivi. Tuseme udongo unakula kama omu 12. Basi kati ya wati 100 zinazofika, ni 21 tu zinazoruka hewani. Zilizobaki zinawapasha joto minyoo. Tukitandaza nyaya nyingi kuzunguka shina kama miale ya jua, na upotevu ukashuka hadi omu 3, zaidi kidogo ya wati 50 zitaruka. Hesabu hizi zinawezekana kabisa darasa la saba.

Lakini tazama ajabu hii. Mlingoti wa robo wimbi, juu ya ardhi kamilifu, una omu 36 hivi. Ukiongezewa omu 14 za upotevu wa udongo, jumla ni 50, na kipimo kitaonyesha upatanisho usio na kasoro! Fundi akitandaza nyaya zaidi, antena inakuwa bora na kipimo kinakuwa kibaya. Asiyejua sababu atazing'oa nyaya. (Sisi walimu tunalifahamu darasa linaloitikia "ndiyo" kwa pamoja, nalo ni kipimo cha namna hiyo.)

Turudi bondeni. Mlingoti wa wima hurusha mawimbi yake karibu na upeo wa macho. Ukisimikwa Irente au Mtae, ambako mlima unakatika ghafla na nyika imetandaa chini, hilo ni jema sana. Katika bonde lililofungwa mawimbi hayo hugonga kilima cha jirani. Huko waya wa kulala, uliofungwa kati ya miti miwili kwa kimo cha mita chache tu, hufaa zaidi: hurusha mawimbi juu kama chemchemi, nayo hurudishwa na tabaka la anga lililo kilomita mia mbili au tatu juu, yakashuka pande zote. Dar es Salaam, iliyo kama kilomita 250 kutoka Lushoto kwa mstari ulionyooka, hufikika hivyo, kwa megahezi 7 mchana na 3.5 usiku. Mlima haumo njiani tena.

Mwalimu atakayeonyesha somo hili kwa redio ya kupokea na kipande cha waya nje ya dirisha afanye hivyo siku ya anga tulivu tu. Masika radi za Usambara si za kuamini. Waya ung'olewe redioni na kutupwa nje mawingu yangali mbali. Shina la mlingoti lililounganishwa barabara na ardhi huipa radi njia ya kushukia, na hiyo ndiyo faida tuliyoiahidi, ila halimfanyi mtu aliyesimama karibu nalo kuwa salama. Mahali penye mlingoti wa kurusha, shina na ule waya wa pembeni vizungushiwe uzio wa miti, kwa maana wakati wa kurusha waya huo huunguza mkono ujapokuwa hauonyeshi dalili yoyote, na watoto hupenda kushika.