Riwaya za Sinema za Anga: Nani Namba Moja?

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tumebishana sana: kati ya wanaoandika riwaya kutokana na sinema na tamthilia za safari za anga, nani anashika namba moja?

Namba tatu tumempa Timothy Zahn wa Marekani. Mwaka 1991 alitoa Heir to the Empire, riwaya ya Star Wars. Adui wake, Thrawn, husoma michoro ya watu ili ajue namna ya kuwashinda. Vijana wanampenda kweli.

Namba mbili ni mama Vonda McIntyre. Katika riwaya yake ya Star Trek ya 1981 alimpa rubani Sulu jina la kwanza, Hikaru. Sinema ya 1991 ikalipokea.

Namba moja ni Terrance Dicks wa Uingereza, aliyefariki 2019. Aliandika vitabu zaidi ya 60 vya Doctor Who, tena kwa sentensi fupi. BBC ilifuta kanda nyingi za tamthilia hiyo. The Abominable Snowmen ilikuwa na vipindi sita, kimebaki kimoja tu. Lakini kitabu cha Dicks cha 1974 kipo, hadithi nzima.

Hapo ubishi ukaisha. Wengi wetu tulikimbia bila picha wala daftari, na hadithi za bibi na babu zinafutika pia. Mzazi, msimulie mtoto moja, aiandike kwa sentensi fupi. Ileteni shuleni, tutasaidia kusahihisha.