Jembe la bugobogobo laitaka Senegal!

Kuna binti mmoja wa Kirumba, jina namhifadhia. Akirusha jembe kwenye bugobogobo hata wazee wanasimama. Sasa anataka Senegal, École des Sables, shule ya dansi ya Germaine Acogny iliyoanzishwa 1998 pale Toubab Dialaw, ufukweni.

Baba kaja juu: kucheza ngoma ndiyo kazi? Mama, muuza dagaa wa Mwaloni, kanyamaza, ila pesa ya kikoba kaihesabu mara mbili.

Mzee simlaumu. Lakini Faustin Linyekula wa Kisangani naye aliondoka kwao, 1993, akaenda Nairobi. Mwaka 1997 yeye, Opiyo Okach na Afrah Tenambergen wakaunda kundi la Gàara. Mwaka 2001 alikuwa karudi Kongo, kaanzisha Studios Kabako, na majukwaa ya Ulaya yanamfahamu.

Na wewe dada, usiende kichwakichwa. Pasi, kadi ya chanjo na tiketi ya kurudi shika mwenyewe, sio "wakala". Siku ya kujaribiwa, mitindo ya kwenye video kila mtu anayo. Jembe la Usukumani nani analo?

Mama kasema ataongea na mzee Jumapili, akishashiba.